Jinsi ya kujikinga data yako ya kibinafsi inapovuja

MNAMO Septemba 2017, kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo hutunza rekodi za mikopo, ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wamepenya mitambo yake. Ilibainika baadaye kuwa majina, tarehe za kuzaliwa na nambari za hifadhi ya jamii za watu takriban milioni 147 ziliibwa. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuikabidhi kampuni hiyo habari zao wenyewe.

Kwa hivyo, hadhari ya mtu binafsi haitoshi kuzuia data yake isivuje. Hata hapa nchini, Juni 2021, Wakenya wengi walighadhabika walipogundua kupitia tovuti ya eCitizen kwamba wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa bila idhini yao. Lililo mikononi mwa mwananchi ni kuwazuia walaghai wasiitumie data hiyo kumdhuru.

Fahamu kilichovuja

Nywila iliyoibwa hubadilishwa kwa dakika chache, lakini nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa hazibadilishwi. Mwizi aweza kuzihifadhi kwa miaka kabla ya kuzitumia, hivyo basi tahadhari haipaswi kukoma mara tu habari za wizi huo zinaposahaulika.

Anza kwa kubadilisha nywila ya baruapepe, kwa kuwa aliye nayo huweza kufungua akaunti zako nyingine. Usitumie nywila moja kila mahali.

Linda laini ya simu

Nchini Kenya, laini ya simu ndiyo ufunguo wa pesa. Tapeli mwenye jina na nambari ya kitambulisho chako aweza kujisingizia kuwa wewe, akapewa kadi mpya ya laini yako na kupokea nambari za siri zinazotumwa na benki. Mtandao ukitoweka ghafla kwenye simu yako pasipo sababu, wasiliana na kampuni ya simu na benki papo hapo kwa kutumia simu nyingine.

Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoitambua, airipoti.

Jihadhari pia na anayekupigia simu akidai anatoka benki. Kutaja jina lako kamili na nambari ya kitambulisho si thibitisho, kwani huenda alizipata katika data iyo hiyo iliyoibwa. Kata simu, kisha uipigie benki mwenyewe. Kamwe usimtajie yeyote nambari yako ya siri.

Kagua rekodi ya mikopo

Mikopo iliyochukuliwa kwa jina lako huweza kujitokeza katika rekodi za mashirika ya CRB yaliyoidhinishwa na Benki Kuu, yakiwemo TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila mteja ana haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Ukikuta deni usilolijua, lipinge kwa maandishi na uripoti katika kituo cha polisi ili upewe nambari ya OB, ambayo itakufaa kama ushahidi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalitaka shirika lililovujisha data, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika, limwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua. Wahusika nao hufahamishwa kwa maandishi, ili wachukue hatua za kujikinga. Aliyedhulumiwa anaweza kuwasilisha malalamishi kwa kamishna huyo, ambaye hutakiwa kuyachunguza na kuyakamilisha katika siku 90.

Hifadhi kila barua, ujumbe na tarehe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayedaiwa mkopo asioukopa hulazimika kuthibitisha kwamba si yeye aliyeuchukua.