Ng'ombe Aliyekwama Njiani

Wapo wasemao kwamba kompyuta haina kabila, ati kwake sote ni tarakimu tu. Mimi nabisha. Ukiichunguza historia ya barua pepe utaona kwamba kwa miaka mingi mashine zilikuwa na lugha zilizozipokea na lugha zilizozitafuna, na chanzo chake ni jambo dogo ambalo sidhani walioliweka walikuwa na nia mbaya.

Hebu tuanzie 1971. Ray Tomlinson, huko Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine iliyokuwa jirani yake, kupitia mtandao wa ARPANET. Ndiye aliyeichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Agosti 1982 Jon Postel akaandika kanuni za kupokezana barua, zijulikanazo kama SMTP, na kanuni hizo zilitaka kila herufi isafiri kwa biti 7. Biti 7 hutoa alama 128, basi. Ukishatia herufi kubwa na ndogo za Kiingereza, tarakimu, vituo vya uandishi na amri za mashine, nafasi imekwisha. Mfaransa na é yake, Mhispania na ñ yake, Mwarabu na alfabeti yake nzima, wote mlangoni.

Kumbe watu hawakungoja mlangoni. Walipopata kompyuta zenye herufi za biti 8 waliandika walivyozoea, wakatuma. Njiani barua ikapita kwenye mashine kuukuu iliyoikata ile biti ya nane kama kinyozi asiyeuliza. Herufi é ikikatwa hivyo hugeuka i. Ñ hugeuka q, kwa hiyo "señor" hufika akiwa "seqor". Ü ya Wajerumani hugeuka kijistari cha wima. We fikiria, na hilo ni jina la mtu!

Na Kiswahili je? Kilipita salama, na hapa nataka tutulie kidogo. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina alama juu wala chini ya herufi. Lakini watu wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu tangu kabla Krapf hajatia mguu Mombasa mwaka 1844. Laiti tungebaki na herufi zile peke yake, barua pepe ya 1982 isingetubebea hata salamu. Vijana wengi wa Kiarabu walijikuta wakiandika lugha yao kwa Kilatini, na tarakimu 3 mahali pa ain. Kwa hiyo mtu akinisifia kwamba lugha yetu "imeiva kwa kompyuta" sifurahi sana. Haikuiva. Ilikuwa imeshavuliwa joho mapema.

Hata hivyo tulinaswa kwenye ng'. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa utaratibu uitwao MIME, na busara yake ni kwamba haukuzilazimisha mashine kuukuu zibadilike. Uliivalisha barua mpya nguo za zamani. Herufi ngeni iliandikwa kwa alama ya = na vitambulisho viwili baada yake. Picha ilivunjwa ikawa herufi za kawaida, kila baiti 3 zikawa herufi 4; mzigo ukazidi kwa theluthi, na aliyelipia simu kwa dakika aliijua theluthi hiyo mfukoni. Programu mpya upande wa pili ilizivua nguo hizo na msomaji asijue kitu. Programu kuukuu haikujua kuvua.

Ninalo faili la mjomba wangu, la barua pepe alizochapisha kwenye karatasi mwaka 1998 alipokuwa masomoni ng'ambo. Nyumbani waliandika habari za shamba kwa kompyuta ya ofisini kwa rafiki. Programu yao ya kuandikia ikajitia ujuaji: ritifaa iliyonyooka ikaigeuza iliyopinda, ya urembo, ambayo haimo katika zile alama 128. Basi karatasini yapo haya: ng=92ombe wawili wameuzwa kwa ajili ya karo yako. Bati la nyumba ya bibi limeng=92oka. Mjomba amesahihisha kwa kalamu, moja moja, barua zote, kama mwalimu. Sijui alikuwa akimsahihishia nani.

Linalonivutia zaidi ni namna mashine zinavyoamkiana. Ya zamani husalimu HELO. Kuanzia 1993 mashine mpya zilianza kusalimu EHLO, kuulizia kama mwenzake anaweza mambo mapya, pamoja na biti 8. Mzee asipoielewa hujibu kwamba amri hiyo haijui. Basi kijana hushuka, husema HELO, na mazungumzo huendelea kwa mtindo wa mzee. Adabu hiyo ndiyo iliyozipitisha barua miaka yote.

Mwaka 2012 zikaja kanuni zinazoruhusu anwani yenyewe iandikwe kwa herufi zozote, na Gmail ikaanza kuzikubali 2014. Hapa adabu ya kushuka imekwisha: mashine inayopokea isiposema kwamba inaziweza, barua hurudi. Mpaka leo mtu wa Muscat akiliandika jina lake kwa Kiarabu kabla ya @, zipo mashine zitakazoikataa barua yake, kwa hiyo inambidi awe na anwani ya pili ya akiba, ya Kilatini.