Kamusi na Mzizi wa Neno

Kamusi za Kiswahili hazikuandikwa kwanza kwa ajili ya Waswahili. Ile ya Ludwig Krapf, iliyochapwa London mwaka 1882, na ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903, ziliwaeleza Waingereza maneno yetu kwa lugha yao. Frederick Johnson alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, lakini kazi kubwa ya namna hiyo ilingoja hadi mwaka 1981, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Ndipo mwenye lugha alipopata kitabu chake.

Siku hizi kamusi imeingia katika tovuti. Mwanafunzi husoma habari, hugusa neno lililomtatiza, na maana yake ikatokea papo hapo. Kwa mwalimu wa Mbagala au Tandale, ambaye wanafunzi wengi hugawana kamusi chache, hii ni neema.

Hata hivyo, chombo hiki kimerithi tatizo la vitabu. Katika kamusi ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Johnson, neno “msomaji” lilielezwa chini ya “soma”. Katika ile ya mwaka 1981 liliwekwa penye herufi M. Lakini neno kama “hawakumwelewa” halikupewa mahali pake popote. Ilimpasa msomaji kuviondoa viambishi, kimoja baada ya kimoja, hata alifikie shina “elewa”. Chombo kisichotiwa sarufi hutafuta herufi kama zilivyo, kisione kitu. Na mtoto asiyefundishwa kuchambua neno hukata tamaa papo hapo.

Na hata maana ikipatikana, kazi haijaisha. Tuchukue neno “paa”. Chombo huorodhesha sehemu ya juu ya nyumba, na mnyama wa porini, na kitendo cha kupanda juu, pasipo kuamua. Kinachoamua ni upatanisho: “paa linavuja” ni la nyumba, “paa anakimbia” ni mnyama.

Basi mwalimu na amtake mwanafunzi kwanza akisie maana, kisha autaje mzizi, ndipo aguse neno, na mwisho airudie sentensi nzima. Mgeni wa zamani alipewa kamusi ili ajifunze lugha yetu. Isiwe sasa mwenye lugha akapewa kamusi akaacha kujifunza.