Kinachotoka Mtutuni: Risasi ya Gobore kati ya Asili na Usasa

Mjadala wa gobore nchini Tanzania huanzia kwenye bunduki na kuishia papo hapo. Nani analo, alilipata wapi, amelisajili au amelificha darini, atalisalimisha lini. Kinachotoka mtutuni hakiulizwi. Makala hii inashikilia kwamba anayetaka kujua gobore linamfanya nini mnyama, mwindaji na mla nyama hana budi kuanza na kile kinachoshindiliwa ndani yake, na kwamba tukianzia hapo, mgawanyo tuliouzoea wa asili na usasa hausimami. Kipande cha nondo kinachoitwa risasi ya kienyeji hakikurithiwa kwa mababu. Ni mtoto wa marufuku. Na risasi ndefu ya kisasa inayotoka viwandani si jibu la tatizo hilo.

Mwankoko panafaa kulifikiria jambo hili kwa sababu si mahali pa wawindaji tena. Kata hii ya Manispaa ya Singida ni ya wakulima wa alizeti, mtama na uwele, na watu wa mjini wanaifahamu zaidi kwa visima vinavyowaletea maji. Porini kwake amebaki kanga, kware, sungura, pengine digidigi. Anayetaka kuwaona nyati na tembo wa mkoa huu lazima aelekee kusini, apite Manyoni na Itigi hadi mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yaliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Wanyaturu, wenyeji wa Mwankoko, tangu zamani walitegemea upinde na mishale yenye sumu, na shujaa wao Liti Kidanka anakumbukwa kwa kuwakabili Wajerumani kwa nyuki. Kwa hiyo gobore hapa ni kitu kilichokuja, na kitu kilichokuja kina historia inayoweza kufuatiliwa.

Isieleweke kwamba ninatetea ujangili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 imeweka wanyamapori wote kuwa mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na hakuna awindaye bila kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni. Hayo ninayakubali bila shingo upande. Ninachosema ni kwamba sheria imeitazama silaha na kumsahau mnyama anayepigwa.

Tukitazame kwanza hicho kipande. Mara kwa mara magazeti huchapisha picha za vielelezo vilivyopangwa mezani: gobore, kichupa cha baruti, fataki, na kando yake goroli za magari au vipande vya nondo vilivyokatwa kwa msumeno wa chuma. Nondo ya milimita 12 ikikatwa kwa urefu wa sentimita 2 inatoa kipande cha gramu 18 hivi. Miisho yake ina ncha kali zilizoachwa na msumeno, ubavuni ina zile mbavu zilizowekwa ili saruji iishike, na mara nyingi imeanza kushika kutu. Mwindaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akasokota tambara au nyuzi za katani, akashindilia kwa mdeki, akadondosha vipande viwili au vitatu, akaziba tena kwa tambara ili visimwagike akiinamisha bunduki. Kisha anaweka fataki juu ya chuchu, na hapo yuko tayari kwa pigo moja tu. Likikosea, mnyama ameshakwenda.

Sasa linganisha na risasi ya duara ya zamani, ile iliyomiminwa kwenye kalibu. Tufe la madini ya risasi lenye kipenyo cha milimita 18 lina uzito wa gramu 34.6. Tufe la chuma la kipenyo hicho hicho lina gramu 24 tu, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu zisizofika 8 na ya risasi ina zaidi ya 11. Kwa kuwa umbo na ukubwa ni sawa, hewa inayasukuma kwa nguvu ile ile, lakini lile jepesi linapungukiwa mwendo kwa kasi iliyo karibu mara moja na nusu ya mwenzake. Na hapo nimelipa chuma heshima ya kuwa duara. Kipande cha nondo hupinduka hewani, kikafika kimelala ubavu au kikitangulia kwa ncha, na hakuna awezaye kusema kitapiga wapi baada ya hatua arobaini. Madini ya risasi ni laini: yakikutana na mfupa yanatanuka na kuacha jeraha pana linalomwangusha mnyama karibu. Chuma hakitanuki. Kinapenya au kinakwama, na swala aliyepigwa tumboni kwa kipande cha namna hiyo anaweza kutembea usiku kucha akafia mahali ambapo fisi atamkuta kabla ya mtu. Mnyama huyo hakuhesabiwa na mwindaji, hakuhesabiwa na serikali, na hakuliwa na mtu.

Kuna dhara jingine linalomrudia mpigaji mwenyewe. Risasi laini hujikunja kidogo ikapita mtutuni bila kuukwaruza. Chuma hukwaruza chuma. Mitutu mingi ya magobore ya kutengenezwa na wahunzi wetu ni mabomba ambayo hayakukusudiwa kubeba mgandamizo wa baruti, na kipande kikikwama njiani, bomba hupasuka usoni mwa aliyelishika.

Je, nondo ndiyo mila? Historia inakataa. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikaingia nyika kavu ya Mgunda Mkali, yaani eneo la Manyoni na Itigi ya leo, ndipo ifike Tabora. Pembe zilishuka, baruti na bunduki zikapanda. Mirambo alijenga dola yake Urambo kwa rugaruga waliobeba magobore, na Isike wa Unyanyembe alikuwa na akiba ya baruti ya kutosha kujilipua nayo Wajerumani walipoivunja ngome yake mwanzoni mwa 1893. Mwanahistoria R. W. Beachey alikadiria kwamba kati ya 1885 na 1902 bunduki zipatazo milioni moja ziliingia katika Afrika Mashariki ya Waingereza na Wajerumani, pamoja na ratili zaidi ya milioni nne za baruti. Katika biashara ya ukubwa huo, madini ya risasi hayakuwa adimu. Wawindaji wa tembo wa Kimakua na Kinyamwezi walikuwa mafundi walioifahamu kazi yao: walimsogelea mnyama hadi hatua chache, wakampiga kwa risasi nzito. Ufundi wao ulikuwa katika kusogea.

Wazungu wenyewe walifanya hivyo hivyo. Frederick Selous alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870, alibeba gobore la mtutu laini lililotupa tufe la wakia nne, gramu zipatazo 113, na aliwaua tembo 78 katika misimu mitatu, karibu wote kwa miguu. Alilalamika juu ya teke la bunduki ile maisha yake yote, lakini tufe lilifanya kazi. Gobore, basi, halikuwa silaha ya watu wasiojua. Lilikuwa silaha ya masafa mafupi yenye risasi inayolingana nayo.

Kilichobadilisha mambo ni siasa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki katika eneo lote la Afrika lililo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa ikweta, ukaacha mlango mmoja mdogo: bunduki za gumegume zenye mtutu laini, na baruti duni ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa idhini. Bunduki yenye mitaro ya msokoto mtutuni, ile inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja, ilibaki kwa majeshi na kwa wale waliodhaminiwa kwamba hawataipitisha kwa wengine. Askari wa Kijerumani walioteremka hadi Singida walitumia Mauser ya muundo wa 1871. Baruti yake ilikuwa nyeusi kama ya gobore. Risasi yake ya milimita 11 ilikuwa ya madini yale yale, yenye gramu 25 hivi, nyepesi kuliko tufe kubwa la gobore. Tofauti ilikuwa umbo refu na ule msokoto, na hiyo ilitosha kuamua nani atapiga kwa hatua mia tatu na nani atalazimika kusubiri hatua hamsini. Wapiganaji wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, waliilipa tofauti hiyo kwa damu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu hudhaniwa kwamba gobore limebaki nyuma lenyewe, kwa uzembe wa wenye nalo. Lilibakishwa nyuma. Baada ya kubakishwa, likafungiwa chakula: leseni za baruti, za fataki, za risasi. Bunduki, kitu cha chuma, hudumu vizazi. Risasi ni kitu cha kununuliwa kila msimu. Njia ya kuinunua ilipozibwa, mikono ikaenda kwenye kilichopo, na kilichopo katika kila kijiji kinachojenga madarasa na zahanati ni nondo.

Kwingineko mabishano ya risasi ya asili na ya kisasa yamechukua sura nyingine kabisa. Nchini Marekani majimbo mengi yametenga msimu maalumu wa magobore, kwa mantiki kwamba mwenye pigo moja na masafa mafupi anastahili muda wake. Mwaka 1985 Tony Knight wa Missouri alileta sokoni gobore ambalo fataki yake imekaa nyuma ya baruti moja kwa moja. Risasi ndefu zilizovikwa kikombe cha plastiki nazo zikaenea, na wawindaji wakaanza kupiga kwa umbali ambao babu zao wasingethubutu. Colorado na Idaho zikajibu kwa kukataza vikombe hivyo katika msimu wa magobore. Majimbo hayo yametambua kwamba kinacholifanya gobore kuwa gobore ni risasi yake. Sheria yao imeingia ndani ya mtutu, na yetu imekomea nje.

Lakini kuwaiga Wamarekani wa upande wa pili, yaani kuleta risasi ndefu ya kisasa, ingekuwa hatari. Risasi ile inahitaji mtutu wenye msokoto mkali. Katika bomba laini itapinduka kama nondo. Inakaza zaidi kuliko tufe lililofungwa kitambaa, kwa hiyo mgandamizo unapanda, na ikiambatana na baruti isiyo na moshi iliyotolewa kwenye risasi za bunduki nyingine, mtutu unapasuka. Usasa usiokuja na mtutu wake ni mauti.

Lipo pingamizi moja zito dhidi ya tufe la zamani, nalo ni sumu. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walipiga eksirei nyama ya kulungu 30 waliouawa kwa bunduki za kasi. Vipande vya madini vilionekana katika vifurushi vya nyama vya kulungu 24. California imekataza kabisa risasi za madini hayo katika uwindaji tangu Julai 2019, kwa ajili ya tai wakubwa wanaokula mizoga. Tangu kanuni za 2020 ziruhusu mabucha ya nyamapori hapa nchini, suala hili linamhusu pia mama anayenunua kilo moja ya nyama ya swala mjini Singida. Hata hivyo, majaribio ya Idara ya Maliasili ya Minnesota ya 2008 yalionyesha kwamba risasi za gobore, kwa kuwa zinakwenda polepole, huvunjika vipande vichache kuliko zile za kasi. Kinachosambaza sumu zaidi ni kasi, sifa kuu ya usasa. Anayeogopa sumu na aanze na bunduki kubwa za watalii wa uwindaji, kisha aje kwenye gobore. Risasi ya shaba tupu inapatikana kwa bunduki hizo kubwa, na wenye nazo wana uwezo wa kuinunua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Pale ambapo serikali itamruhusu mtu kuwinda kwa gobore, kibali kitaje risasi: tufe moja laini linaloenea mtutuni, lililofungwa kitambaa, kwa masafa yasiyozidi hatua hamsini, na kwa wanyama wadogo tu. Nondo, goroli na vyuma vingine vikatazwe kwa jina, kwa sababu ya ukatili wake, hata kwa mwenye leseni. Kwa magobore yanayosalimishwa au kukamatwa, kuna kazi ambayo wanataaluma wetu wanaweza kuianza kesho. Kabla hayajateketezwa, kila mtutu upimwe kipenyo na unene, kila kipande kilichokutwa nacho kiwekwe kwenye mizani, kiandikwe ni cha nini na kilikatwaje, na orodha hiyo ikae kwa afisa utamaduni wa mkoa, mahali ambapo mwanafunzi kutoka Mwankoko anaweza kuifikia.