Uhuru na Taifa-1

Msikilizaji, daftari langu la juma hili lina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto nimeandika "Uhuru, 12 Desemba 1970". Kulia, "Taifa-1, 15 Aprili 2023". Ni setilaiti mbili, zote zina majina ya Kiswahili, na zote ni sehemu ya historia ya Kenya. Nilidhani ningezilinganisha kwa dakika tano nimalize. Haikuwa hivyo.

Tuanze na ile ya kwanza. Kaskazini ya Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma katika miaka ya 1960. La kurushia roketi waliliita San Marco. Walipachagua mahali hapo kwa ajili ya ikweta. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na hakuna inapokwenda kasi kuliko kwenye ikweta, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki huanza safari ikiwa imekwisha kusukumwa. Tena, chombo kinachozunguka juu ya ikweta bila kupanda mbali sana hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho wa angani ambao ungevuruga vipimo vyake.

Setilaiti yenyewe ilikuwa ya Marekani, yenye uzito wa kilo 140 hivi, na roketi ya Scout iliyoibeba ilikuwa ya Marekani pia. Msimamizi wa mradi alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa kuwa siku ya kurusha iliangukia sikukuu ya saba ya uhuru wa Kenya, chombo kikapewa jina Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa inayotufunika huzizuia zisitufikie, nasi tushukuru, maana zingetudhuru. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mtaalamu aliyeko ardhini haoni kitu. Kabla ya hapo walitumia roketi ndogo zilizopanda na kushuka kwa dakika chache. Uhuru ilikaa juu ikifanya kazi hadi Machi 1973, ikijizungusha taratibu na kuipekua mbingu yote. Ilibaini kwamba Centaurus X-3 hupiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8, na kwamba inazungukana na nyota nyingine kwa muda wa siku 2 hivi. Eksirei zake hutokana na gesi inayonyonywa kutoka kwa nyota hiyo mwenzake. Vipimo vya Cygnus X-1 navyo viliwasukuma wataalamu waanze kulichukulia shimo jeusi kama kitu kilichopo kweli, si hesabu za karatasini tu. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyeongoza utafiti huo, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hapo kalamu yangu ilisimama. Orodha ya nne ya vitu vilivyoonwa na Uhuru ilichapishwa mwaka 1978, na ina vyanzo 339 vya eksirei. Nimesoma majina ya waandishi wake. Hakuna jina la Mkenya. Bahari ilikuwa yetu, ikweta yetu, sikukuu yetu, na neno lenyewe letu. Elimu ilikwenda kwao. Sisemi tuliibiwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kusimama peke yake mwaka huo huo wa 1970. Nani angeitwa mezani? Lakini wageni hao waliendelea kurusha roketi kutoka Ngomeni hadi Machi 1988, jumla ya setilaiti 9, na miaka 18 inatosha kumsomesha mtoto kuanzia darasa la kwanza hadi chuo kikuu.

Sasa ukurasa wa kulia. Taifa-1 ni ndogo, unaweza kuipakata kama mkate. Ilibuniwa na wahandisi Wakenya wa SayariLabs, ikaundwa na kufanyiwa majaribio kwa ushirikiano na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, na gharama yake ilitajwa kuwa shilingi milioni 50 za Kenya. Haikutafuta mashimo meusi. Ilibeba kamera ya kupiga picha za ardhi, kwa ajili ya kilimo na mazingira. Safari iliahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, kisha ikaondoka ndani ya roketi ya Falcon 9 pamoja na makumi ya vyombo vya watu wengine. Kutoka wapi? California.

Nilipofika hapo niliandika pembeni neno "aibu". Nchi yenye ikweta inapeleka mzigo wake Marekani ukarushwe huko! Baadaye nililifuta, na ni haki nieleze kwa nini. Setilaiti ya kupiga picha huzunguka kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine, dunia ikijigeuza chini yake, ili kila ipitapo juu ya shamba jua liwe upande ule ule. Kwa njia hiyo msukumo wa ikweta hauisaidii. California ni mahali pake. Aliyelipa kiti ndani ya roketi ya watu wengi hakufanya ujinga, alibana matumizi.

Basi kama kuna la kulaumu, haliko California. Liko katika ule muda mrefu katikati ya kurasa zangu mbili. Mwaka 2018 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wamekwisha kutuma kisetilaiti chao cha majaribio, wakisaidiwa na chuo kile kile cha Roma. Hiyo ni miaka 48 baada ya Uhuru. Mkataba mpya wa kituo cha Malindi ulitiwa saini na Kenya na Italia mwaka 2016, na safari hii mafunzo kwa Wakenya yaliandikwa ndani yake.

Jambo moja nimelikuta mwishoni mwa usiku, nikiwa karibu kufunga daftari. Wanajimu wa dunia bado huviita vitu vile kwa namba za orodha ile ya mwaka 1978, kwa mfano 4U 1700-37. Namba 4 ni ya orodha ya nne. Herufi U ni ya Uhuru.