Mto Ulio Chini ya Mchanga

Kama umewahi kununua samaki City Market, basi umekanyaga Muindi Mbingu Street. Wengi wetu tunapita hapo mbio mbio, tunaijua barabara bila kumjua mwenyewe. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi wakimsubiri Gavana. Walikuja kudai ng'ombe wao. Serikali ilikuwa imeamua kwamba udongo wa Machakos unaisha kwa sababu mifugo imezidi, ikawachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Wengi waliishia kwenye kiwanda cha nyama cha Athi River. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini hatimaye serikali ikaachana na mpango huo.

Naanza na ng'ombe ingawa nataka kuongea kuhusu mabwawa, kwa sababu Ukambani maji na udongo ni kesi moja. Na tuseme ukweli, udongo ulikuwa unaisha kweli. Ila watu walikuwa wamebanwa ndani ya hifadhi huku vilima vya Mua vikiwa mikononi mwa masetla, halafu lawama yote akabebeshwa ng'ombe.

Mito mingi ya huko hupita kwa saa chache au siku chache baada ya mvua kubwa, kisha hunyamaza. Mtu wa Nairobi akivuka daraja na kuona mchanga mtupu husema mto umekufa. Nilikuwa nasema hivyo pia, likizo za Agosti, mpaka susu akaniita chini. Alichimba kwa kibuyu na mikono, akafika kwenye kiwiko, akangoja. Maji yakajaa polepole, safi. “Mto umelala tu,” akaniambia, “usiupigie kelele.”

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya mkoloni ilijenga silanga nyingi, yaani mabwawa ya kuta za udongo. Udongo uliokuwa ukitoroka mashambani ukaingia humo humo, na jua likanywa kilichobaki. Silanga nyingi ziligeuka tope. Katika miaka ya 1950 wahandisi wakajaribu kitu kingine hapo Machakos: ukuta unaoachwa ujae mchanga makusudi. Lakini waliokuja kulifanya jambo hilo kuwa lao ni wanakijiji. Mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, upande wa Kola, walianza kikundi ambacho baadaye kilijulikana mbali kwa mabwawa ya mchanga.

Ukuta wa mawe na simiti hujengwa juu ya mwamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta na matope mepesi huruka juu yake yakaenda zake. Baada ya msimu mmoja, miwili au zaidi, bwawa limejaa mchanga mpaka juu. Ukiliona utadhani ni mradi uliofeli. Kumbe kati ya punje na punje kuna nafasi, na mchanga mzuri wa chenga unaweza kubeba maji ya robo ya ujazo wake, hata zaidi ya theluthi. Ukishashuka kina kidogo tu, jua haliyafikii. Mbu hawana pa kutagia. Maji husambaa hadi kwenye kingo, na hapo ndipo sukuma, nyanya na vitunguu hupandwa, vikamwagiliwa kwa mtungi au pampu ndogo wakati shamba la mahindi limeshakauka.

Mawe hayo yalibebwa na mwethya, kikundi cha kazi cha Wakamba, na wengi wao ni akina mama. Mkoloni aliwahi kuutumia mwethya kuchimbisha matuta kwa amri ya chifu, kwa hiyo kuna wazee walioukumbuka kwa uchungu. Ulirudi kwa hiari. Na matuta yalibaki muhimu: milimani kusipokuwa na fanya juu, mafuriko huleta tope tupu na bwawa haliwezi kuhifadhi maji. Kabla ya jiwe la kwanza, wenye mashamba ya pande zote mbili lazima wakubaliane. Wapi pa kuchota maji ya kunywa, wapi ng'ombe wanywe, nani alime ukingoni. Kikao hicho kinaweza kuchosha kuliko kubeba mawe.

Sasa njoo huku kwetu. Muulize fundi yeyote kwenye mjengo wa mtaani kwako anataka mchanga gani, atakwambia wa mto, wa Machakos. Ghorofa ninayoishi imeshikwa na mchanga huo. Lori likishazoa, bwawa linabaki ukuta tu, maana chombo cha kuhifadhi maji kilikuwa ule mchanga wenyewe. Makueni ilipitisha sheria yake ya kulinda mchanga mwaka wa 2015, na hata hivyo watu wamepigwa na kuuawa kwa ajili ya mito hiyo. Siwalaumu kirahisi vijana wanaopakia. Koleo linalipa jioni hiyo hiyo. Kitunguu kinangoja miezi.

Desemba iliyopita nilishuka pale susu alipokuwa akichimba. Alama za magurudumu zilikuwa bado mbichi. Nilipiga magoti nikaanza kuchimba kwa mikono, na kabla ya kufika kwenye kiwiko nikagusa mwamba, mkavu.