Mawe ya Mto Lumi: Kumbukumbu za Vita Taveta na Wapagazi Wasioandikwa

Katika maelezo wanayopewa wageni wanaozuru Taveta, mji mdogo ulio kando ya Mto Lumi kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, hakuna lililoenea kama lile linalodai kwamba kilima cha Salaita, mashariki ya mji, kilipata jina lake kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo, baada ya askari wa Afrika Kusini kuuawa hapo tarehe 12 Februari 1916. Dai hilo halisimami, kwa kuwa amri za kijeshi zilizowapeleka askari hao kwenye kilima zilikwisha kukiita Salaita kabla hata mmoja wao hajaanguka. Kosa lenyewe ni dogo, lakini linafichua mazoea makubwa zaidi, yaani kuisimulia ardhi hiyo kana kwamba haikuwa na jina wala wenyewe mpaka wageni walipokuja kufa juu yake, na mazoea hayo ndiyo yaliyochongwa katika mawe ya kumbukumbu yaliyopo huko hadi leo.

Taveta ilijulikana na wafanyabiashara wa pwani muda mrefu kabla ya vita, kwani misafara iliyotoka Mombasa na Pangani ilipumzika katika msitu wake, ikanunua chakula kwa Wataveta, kisha ikaendelea hadi nchi ya Wamaasai. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883, na mwenzake Count Teleki akapita miaka minne baadaye. Mkataba wa mwaka 1886 baina ya Uingereza na Ujerumani uliiacha Kilimanjaro upande wa Wajerumani na Taveta upande wa Waingereza, na kwa hiyo mto unaoteremka kutoka mlimani na kumwaga maji yake katika Ziwa Jipe ukajikuta karibu na mpaka, katika eneo ambalo baadaye lingekuwa la mapambano.

Wapo wanaoshikilia kwamba vita vya Afrika Mashariki vilianzia Taveta. Ni kweli kwamba tarehe 15 Agosti 1914 kikosi cha Wajerumani kiliuteka mji huo, kikiongozwa na Tom von Prince, ambaye wenyeji wa upande wa pili wa mpaka walimwita Sakarani. Lakini manowari ya Kiingereza Astraea ilikuwa imekwisha kuipiga Dar es Salaam kwa mizinga tarehe 8 ya mwezi huohuo. Sifa ya kweli ya Taveta ni nyingine: Wajerumani walikaa katika ardhi hiyo ya himaya ya Uingereza kwa muda wa karibu miezi 19, na kutoka hapo doria zao zilikwenda kulipua reli ya Uganda.

Ili kuwaondoa, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Maktau, wakavuta maji kwa mabomba katika nyika kavu, na hatimaye wakaletewa askari wapya kutoka Afrika Kusini. Askari hao walipelekwa Salaita chini ya Jenerali Malleson, wengi wao wakiamini kwamba askari weusi wa Wajerumani hawangeweza kustahimili mbele yao. Mizinga ilipiga kilele cha kilima, ilhali mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, na askari waliokuwamo wakawangoja askari wa miguu wasogee kisha wakawafyatulia risasi na kuwashambulia ubavuni. Waafrika Kusini zaidi ya 130 waliuawa au kujeruhiwa, na waliokinga kurudi kwao nyuma walikuwa kikosi cha 130 cha Baluchi kutoka Bara Hindi. Wiki chache baadaye Jenerali Smuts alichagua kukizunguka kilima badala ya kukipanda: wapanda farasi wa van Deventer waliufikia Mto Lumi karibu na Ziwa Chala tarehe 8 Machi, Salaita ikaachwa bila mapigano makubwa, na Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza tarehe 10 Machi. Mapigano makali zaidi yalifuata usiku wa kuamkia tarehe 12 katika mwanya ulio kati ya vilima vya Latema na Reata, ambako Luteni Kanali Graham, kamanda wa kikosi cha tatu cha King's African Rifles, aliuawa pamoja na askari wake kadhaa.

Makaburi ya kijeshi ya Taveta, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, chombo kilichoundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa vitani akumbukwe sawa na mwenzake bila kujali cheo wala rangi, yana mawe yaliyopangwa kwa safu na kuandikwa jina, kikosi na tarehe. Waliolala hapo wanastahili utunzaji huo, wala hakuna sababu ya kuuonea wivu. Swali linalopaswa kuulizwa mbele ya safu hizo ni nani aliyebeba risasi, unga na maji ya watu hao, na yeye amelazwa wapi.

Jibu la sehemu ya kwanza linajulikana. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, magari yalizama katika tope, na kila mahali reli ilipokoma mzigo ulihamia kichwani mwa binadamu. Kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza Waswahili waliligeuza kuwa Kariakoo, kilianza kuandikishwa mwaka 1914, na kufikia mwaka 1917 uandikishaji huo ulikuwa ukamataji wa wazi uliofagia vijiji vizima. Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Wataita na wengine wengi walitolewa makwao, baadhi yao penye baridi ya milimani, wakapelekwa penye malaria, wakalishwa unga usioiva vizuri, na kuhara damu na nimonia vikawamaliza kwa wingi kuliko risasi. Hesabu rasmi ya upande wa Uingereza iliorodhesha vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, na wanahistoria wa karibuni wanaikadiria idadi halisi kuwa zaidi ya 90,000. Wapagazi wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa kwa namna yoyote inayoaminika.

Sehemu ya pili ya swali ilijibiwa kwa uamuzi wa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, tume ya makaburi ilipotafuta maoni ya serikali za makoloni, gavana wa Tanganyika alipendekeza makaburi makubwa ya wapagazi, yakiwamo ya Dar es Salaam, yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo. Pendekezo hilo lilikubaliwa. Huko Voi, mji jirani ambako reli ya kijeshi iliungana na ile kuu, filamu iliyoonyeshwa mwaka 2019 ilithibitisha matokeo yake, kwa kuwa Wazungu wana mawe ndani ya uzio na Waafrika wako vichakani nje yake. Filamu hiyo ilisababisha uchunguzi, na ripoti ya tume ya Aprili 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni siku hiyohiyo.

Utetezi unaosikika mara kwa mara ni kwamba majina hayakuwapo. Utetezi huo haustahili subira. Idara ya Kazi za Kijeshi, iliyosimamiwa na Oscar Watkins, ilimpa kila mpagazi namba iliyochapwa kwenye kibati cha kuvaa mwilini, na ikaweka daftari kwa ajili ya kumlipa. Baada ya vita serikali ya Kenya na ile ya London zilibishana kwa miaka mingi juu ya nani achukue mishahara ambayo marehemu hawakurudi kuidai. Fedha hiyo isingeweza kujulikana kiasi chake bila kujulikana nani alikufa akiwa anadai, na kwa hiyo majina yaliyotosha kupiga hesabu ya rupia yalitosha pia kuandikwa kwenye jiwe.

Sanamu za Nairobi na Mombasa, zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1920, zinamwonyesha mpagazi amesimama pamoja na askari, na maandishi yake, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Hiyo ni heshima kubwa kuliko yoyote waliyopewa mahali walipofia, lakini imewekwa katika barabara za miji mikubwa, mbali na Lumi, na haina jina hata moja. Kazi ya kwanza kwa wanaotaka kuweka jiwe jipya Taveta ni kuyarudia madaftari ya malipo, yale yaliyobaki, na kuyasoma mstari kwa mstari kama orodha ya waliokufa.