Nani Aliyefanya Vipuri Vioane?

Leo anayejiundia bunduki Marekani huchagua mtutu kwa fundi huyu, kitako kwa yule, na vyote huingiana. Zamani haikuwezekana, kwa kuwa kila kipande kilipigwa tupa hadi kikubaliane na bunduki moja tu.

Mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiwa balozi Ufaransa, alionyeshwa vipande vya mitambo 50 ya kufyatulia, kazi ya fundi Honoré Blanc. Aliokota vipande bila kuchagua, akaunga mitambo kadhaa, ikakubali.

Hata hivyo, vitabu vingi humpa sifa Eli Whitney, aliyepata mkataba wa bunduki 10,000 mwaka 1798 na kuonyesha ufundi huo Washington mwaka 1801. Lakini wanahistoria walipochunguza bunduki zake zilizobaki, waliona vipande haviingiliani.

Waliofanikiwa kweli ni John Hall wa Harpers Ferry, kwa mashine na vipimo vya chuma, na Simeon North wa Middletown. Kufikia 1834, kipuri cha karakana moja kiliingia katika bunduki ya karakana nyingine. Sifa, basi, tuwarudishie wao. Ushahidi ni vyuma vyenyewe.